Vipande Arobaini na Saba

Ndege ya kuchezea ilitoka kwenye robota la vitu vya watoto, katikati ya dubu wa manyoya na magari yasiyo na magurudumu. Ilikuwa ndani ya boksi, nailoni yake haijaguswa, na juu picha ya ndege ya kivita, zile za Vita vya Pili vya Dunia, pua ndefu, mabawa yanatema moto. Nilitikisa boksi. Likalia kama njugu kwenye kopo. Nikatikisa tena, kwa sababu mimi kila kitu hukifanya mara mbili, ndipo nikafungua.

Ndani hakukuwa na ndege. Kulikuwa na fremu tatu za plastiki ya kijivu na moja ya plastiki inayoonyesha kama kioo, na kwenye fremu hizo vipande vimening'inia kwa vishina vyembamba. Kulikuwa pia na karatasi ya michoro, yenye maneno machache ya lugha nisiyoijua na mishale mingi.

Nauza mitumba Kitale na nawajua wateja wangu. Ukimwonyesha mtu boksi la vipande atakuambia, "Mama, hii si imevunjika," na atataka umpe kwa bei ya kilichovunjika. Nikaamua niiunde mwenyewe, niiuze ikiwa ndege.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mtu wa mitumba tu angelifanya. Sisi robota likifunguliwa, hatuachi kitu mahali kilipolala. Tunamwaga chote chini na kuchagua. Kamera huku, yaani zile safi za kumwonyesha mteja wa kwanza. Za pili hapa katikati. Fagia kule, takataka za kuuzwa kwa fungu ili ziondoke. Mkono wangu haujui njia nyingine. Nilichukua kikata kucha, nikakata vipande vyote kutoka kwa fremu kwa mkupuo mmoja, nikavimwaga kwenye sinia na kuvipanga: mabawa na tumbo, kamera, vya ukubwa wa kati, vya pili, na vile vidogo kama punje za mchele, fagia. Sikujua kwamba namba za vipande huandikwa kwenye fremu, si kwenye vipande vyenyewe. Fremu tupu nilizivunjavunja nikawashia jiko. Plastiki huwasha makaa vizuri. Uji uliiva mapema siku hiyo.

Kisha nikahesabu vipande. Arobaini na nane. Nikahesabu tena. Arobaini na nane.

Mjukuu wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Ni mtoto wa binti yangu, ambaye ameolewa Bungoma na anashona nguo sokoni huko. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare zimemjaa hadi kitandani, akaniletea mtoto nikae naye siku tano. "Mama, huyu saa hii anaweka kila kitu kwa mdomo," aliniambia akiniachia mfuko wa nguo. Nikamjibu kwamba nimelea watoto wanne na wote wako hai. Nilisema maneno hayo, tena kwa sauti ya kujisifu.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, mtu alipiga hodi getini akiuliza viatu vya gambuti. Sinia lilikuwa kwenye mkeka ukumbini. Mtoto alikuwa upande wa pili na kijiko chake, na kuku wa jirani alikuwa anazungukazunguka kama kawaida yake. Nilikaa getini muda wa kusema sina gambuti, kuulizwa kama nina hakika, na kusema nina hakika.

Nikasikia kikohozi. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kikavu, kimoja, halafu kimya, na kimya hicho ndicho kilichonirudisha mbio. Mtoto alikuwa amekaa katikati ya sinia, uso mwekundu, macho yamejaa machozi, mate yanamtiririka hadi kifuani. Nilimpindua juu ya paja langu nikampiga mgongoni kwa kiganja. Nikaingiza kidole mdomoni, nikatoa kigurudumu cha kijivu. Akavuta pumzi. Akakohoa tena mara moja, akameza, akalia. Kilio kile kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyosikia mwaka huo. Halafu akanyamaza, akanitazama, akacheka.

Mimi sikucheka. Alikuwa amemeza kitu. Niliiona koo yake ikishuka.

Nilihesabu vipande na kile kigurudumu. Arobaini na saba. Nikahesabu tena, polepole, nikigusa kila kimoja na kukihamisha kutoka sinia hadi kwenye mfuko wa kaki. Arobaini na saba. Nikainua mkeka. Nikafagia ukumbi, nikachambua taka kwa vidole. Nikamvua mtoto nguo, nikakung'uta nepi. Nilikung'uta hata kile kisichokuwa na pa kuficha kitu.

Jirani yangu alitoka kwake aliposikia fagio likikazana hivyo. Nikamweleza. Akamtazama mtoto, kisha akamtazama kuku wake.

"Huyu pia alikuwa hapo," akasema.

"Alikuwa."

"Kuku humeza chochote, mama. Si unajua."

Nilimtazama yule kuku kwa matumaini ambayo sijawahi kumtazamia binadamu. "Sitaki kukuambia umchinje kuku wako," nikasema.

"Wewe enda hospitali. Mimi nitamchinja nikupigie."

Mwenye pikipiki alitaja bei, nikapanda. Akageuka kunitazama. Ni mtu anayenijua. Tumeshabishana naye kwa shilingi kumi hadi mvua ikatunyeshea sote wawili. "Shosho, leo hutaki kuniteremshia bei?" akauliza. Nikamwambia aendeshe. Akaendesha kwa kasi hadi hospitalini. Nadhani alielewa kwamba nikinyamaza kwa bei, kuna mtu anakufa.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisikiliza kifua cha mtoto kulia, akasikiliza kushoto, akarudia kulia. Nikampenda kwa hilo la kurudia.

"Hewa inaingia sawa pande zote," akasema. "Haiko kwa mapafu. Imeteremka tumboni."

"Basi mpige picha muione."

"Shosho, plastiki haionekani kwa picha. Nikimpiga nitaona mifupa yake mizuri tu. Niambie wewe ni kitu gani amemeza."

"Sijui. Ni kimoja kati ya arobaini na nane."

"Kina umbo gani?"

Nikamfungulia mfuko. Akachungulia. Nikatoa kipande kimoja kutoka kwa vile nilivyoviita fagia, mtutu wa bunduki ya bawani, mwembamba kama sindano, nikamwekea kiganjani. Akaugusa ncha kwa kidole. Akautazama kidole. Palikuwa na tone la damu.

"Ziko ngapi hizi?" akauliza, na sauti yake haikuwa tena ile ya mwanzo.

"Sijui."

"Sikiza. Kama amemeza kitu laini, cha mviringo, kitapita chenyewe, mtaenda nyumbani. Kama amemeza kama hii, inaweza kumtoboa utumbo. Huyo ni wa hospitali kubwa Eldoret leo, sasa hivi, wamwingize mrija waitoe. Sitaki kumtuma mtoto mdogo kulazwa usingizi wa dawa kwa sababu ya kigurudumu. Na sitaki kumrudisha nyumbani na msumari. Hiyo karatasi ya michoro, si ina namba?"

"Ina namba. Lakini vipande havina."

"Namba za vipande ziko wapi?"

"Nilipikia uji."

Akasema mtoto asile wala asinywe chochote mpaka tujue, maana akienda Eldoret anatakiwa tumbo tupu. Akanipa benchi la nje kwenye korido, na muda hadi saa tisa. Baada ya hapo, akasema, ataandika barua ya kumpeleka, liwe liwalo.

Ndipo nikampigia binti yangu. Nilikuwa nimeahirisha hadi hapo. Nilianza kueleza habari ya robota na kipande alichomeza mtoto, akanikatiza.

"Ako wapi?"

"Nimembeba, tuko hospitali."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Mama. Anapumua vizuri, ama unaniambia tu?"

Nikaweka simu karibu na pua ya mtoto. Nilisikia cherehani ikizimwa upande wa pili, na simu ikakatika.

Nilikaa na mtoto mgongoni, mfuko wa kaki mapajani. Kando yangu alikaa mwanamume wa makamo kutoka Kiminini, mguu wake umefungwa plasta hadi gotini. Alikuwa ameanguka kutoka ghalani akipanga mahindi. Nilimwaga vipande kwenye shuka la mtoto, nikafungua karatasi.

"Mama, vita imefika hadi hapa?" akauliza.

Nikamweleza. Akaacha mzaha, akasogeza mguu wake kwa mikono miwili ili nipate nafasi. "Unganisha hiyo ndege," akasema. "Ikikosa kitu, utajua ni nini."

Ndivyo nilivyoanza kuunda ndege ya kivita kwenye benchi la hospitali, na kwa gundi nilikuwa na utepe wa vidonda niliopewa na nesi. Tumbo la ndege lilikuwa na pande mbili, likashikana. Mabawa yakashikana. Baada ya hapo kila kipande kilifanana na kingine. Nilishika kitu kama jani, nikakijaribu mkiani, nikakijaribu chini ya tumbo, hakikukaa popote. Yule mtu wa Kiminini akasema, "Hiyo ni ya kufunika tairi, bana." Mama mwingine aliyepita na kopo la mkojo akasema hapana, hiyo ni ya mkia. Mtoto alianza kulia njaa. Alikuwa anajua neno moja la chakula, "nyam", na alilisema akivuta nywele zangu, nyam, nyam, na mimi nilikuwa na biskuti mfukoni na sikuthubutu.

Simu ikaita. Jirani.

"Nimempasua," akasema. "Firigisi nimeifungua, utumbo nimeuchana wote. Kuna mahindi, kuna changarawe, kuna kifungo cha shati."

"Plastiki?"

"Hakuna plastiki, mama. Pole. Nimetafuta hata kwa koo."

Nilimshukuru kwa kuku wake. Mpaka dakika ile nilikuwa nimejiwekea yule kuku kama mtu anavyojiwekea akiba. Sasa hakukuwa na mahali pengine kile kitu kingekuwa isipokuwa ndani ya mtoto niliyembeba, na nilisikia tumbo lake likinguruma mgongoni mwangu. Kila alipolia kwa nguvu niliona ile sindano ikisogea.

Binti yangu alifika saa nane na kitu. Alikuja vile alivyokuwa kazini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, pini zimechomwa kwenye kola. Hakunisalimia. Alimfungua mtoto mgongoni mwangu, akamnusa mdomo, akaweka sikio kifuani mwake, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili huku akimtazama usoni. Mtoto akamwambia nyam. Ndipo akanitazama.

"Nionyeshe."

Akatazama shuka. "Ni nani alipanga hivi?"

"Mimi."

"Umepangaje?"

"Kwa ukubwa."

"Mama, hapa si sokoni. Hivi hutajua kitu hata ukikesha. Hii ni kama nguo. Kila kitu kiko na mwenzake, wa kulia na wa kushoto. Weka kila kimoja na mwenzake kwanza. Kile kitabaki peke yake tutakiuliza."

Akapiga magoti kwenye sakafu, mtoto begani, na kwa mkono mmoja akaanza kuvilaza vipande viwili viwili kama anavyolaza mikono na kola mezani kwake. Kigurudumu na kigurudumu. Kifuniko cha tairi na kifuniko cha tairi. Bomba la moshi na bomba la moshi. Nilikuwa nimekaa na vitu vile siku mbili na sikuwa nimeona kwamba vinafanana. Mtu wa Kiminini aliinama hadi plasta ikalia.

Tukafika kwenye mitutu. Karatasi ilionyesha minne, miwili kila bawa. Akalaza mmoja, na wa pili kando yake. Akalaza wa tatu.

Akatafuta. Akageuza shuka. Mimi nikaukunjua ule mfuko wa kaki, nikapapasa hadi kwenye mshono wa chini.

"Ni mitatu," akasema.

Hakupiga kelele. Alimkumbatia mtoto akamfunika kichwa kwa kiganja kama vile mvua imeanza, akasimama kwenda kwa mlango wa daktari. Nilihesabu vyote tena kwa macho, kwa sababu sijui kufanya jambo lingine nikiogopa. Arobaini na sita. Nikarudia. Arobaini na sita. Na asubuhi vilikuwa arobaini na saba.

"Ngoja!" nikapiga kelele hadi nesi akatoa kichwa dirishani. "Ngoja, vimepungua!"

"Vimepungua aje?"

"Asubuhi arobaini na saba! Amekuwa mgongoni kwangu tangu saa hiyo! Hawezi kuwa amemeza kingine!"

Binti yangu akasimama. Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyebadilisha kipimo. "Ulimpa mtu?"

Nikakumbuka tone la damu. Nilimpita mbio, nikaingia bila kubisha. Daktari alikuwa na mgonjwa amefungua shati. Ule mtutu ulikuwa juu ya meza yake, ndani ya kifuniko cha chupa, ameuweka asije akachomwa tena.

Minne. Nilirudi nao nimeuinua kama mshumaa. Yule wa Kiminini akasema "Bwana asifiwe" na watu wawili wasiojua ni kwa nini wakaitikia amina.

Lakini bado hatukuwa tumemaliza. Visivyo na mwenzake vilikuwa vichache: panga la mbele, kioo cha juu, kile kijiti cha antena ambacho kilikuwa kikali kama mitutu na nilikishukuru kwa kuwepo, gurudumu la mkia, usukani, kiti. Binti yangu akaviweka kila kimoja juu ya mchoro wake kwenye karatasi. Vyote vikalala mahali pake. Kwenye mchoro wa kiti akasita. Akainua kile kiti kidogo, akachungulia ndani, akarudi kwenye karatasi.

"Hapa kuna mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Dereva. Amekaa. Ako na namba yake." Akatembeza kidole juu ya shuka lote. "Hayuko."

Mtu wa Kiminini akatazama ndege, akatazama mtoto. "Mama," akaniambia taratibu, "mjukuu wako amekula rubani."

Sikucheka wakati ule pia. Binti yangu alitoa futi shingoni, akapima kiti upana na kina, akapima nafasi hadi kwenye kioo. "Hawezi kuzidi hapa," akasema, akashika ncha ya kidole chake kidogo. Tukaenda kwa daktari. Daktari akatazama mchoro, akatazama kiti, akauliza kama mikono ya huyo mtu imeinuliwa. Hapana, iko magotini. Akasema basi hana ncha, mtoto apewe chakula.

Alitupa masharti. Tutazame kila choo, chote, hadi huyo mtu atoke. Mtoto akitapika, tumbo likivimba, akipata joto au choo kikiwa na damu, arudi hospitalini saa hiyo hiyo. "Nadhani atapita salama," akasema. Binti yangu akamuuliza kama anadhani ama anajua. Akasema anadhani.

Ile ndege nilimwachia mtu wa Kiminini. Aliuliza bei. Nikamwambia achukue.

Nilienda nao Bungoma. Hakuniambia niende, lakini hakunikataza. Kwa siku tatu kazi yangu ilikuwa poti ya mtoto, vijiti viwili na kopo la maji, nyuma ya nyumba kwenye mwanga mzuri. Sitaeleza zaidi. Binti yangu alishona sare mchana na hakunisemesha ila kwa mambo ya lazima: chumvi, ufunguo, ameenda choo? Mumewe alikuwa kazini mbali na hakuwa ameambiwa. Katika nyumba ile niliona vitu ambavyo sikuwa nimewahi kuviona: vifungo, kulabu, pini, betri ya redio. Mtoto alipokohoa nilisimama. Usingizini nilimwekea mkono tumboni, na likiwa na joto niliogopa joto, likiwa baridi niliogopa baridi. Siku ya pili hakuenda choo kabisa, na sikumbuki nilikula nini siku hiyo.

"Mama, wacha kuhesabu pini zangu," binti yangu akaniambia.

"Sizihesabu."

"Midomo yako inasonga."

Siku ya tatu, mara baada ya chai, rubani alitoka. Nilimwosha kwenye kopo, nikamwosha tena. Alikuwa na kofia yake na mikono magotini, mzima, kana kwamba ametoka kukaa mahali pa kawaida. Nilimwita binti yangu kwa kugonga kopo kwa kijiti.

Alikuja na pini mdomoni, mstari mzima, vile mafundi hufanya. Akazitoa moja moja kabla ya kuinama. Alimtazama yule mtu kiganjani mwangu, kisha akakaa chini kwenye nyasi mbichi na sketi yake nzuri, akalia kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo, kwa kwikwi, mkono kwenye goti langu. Mtoto alikuja akamshika sikio.

Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa sketi. "Unarudi lini Kitale?"

"Kesho."

"Sare bado ni nyingi. Sijafika hata nusu." Akamtazama mtoto, hakunitazama mimi. "Enda naye. Zile siku mbili zilizobaki."

Nilitaka kumwambia asinipe. Nilitafuta sababu ya heshima, barabara, vumbi, mafua, na kila niliyoipata ilikuwa uongo. Ukweli ni kwamba niliogopa vile vile kama pale kwenye mkeka.

"Sawa," nikasema, nikaingia ndani kufunga nguo zake.